Chotara na Swali la Karani

Filamu ya Mira Nair iitwayo Mississippi Masala, iliyotoka mwaka 1991, inamalizikia Kampala, ng'ambo ya ziwa lile lile linalopiga miamba ya Mwanza. Mhindi mzaliwa wa Uganda, aliyefukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, anarudi kudai nyumba yake na kuikuta gofu. Barabarani anampakata mtoto wa Kiafrika. Huko Marekani, binti yake amekwisha kuondoka na kijana mweusi ampendaye. Mtazamaji hufuta machozi, akaamini kwamba suala la rangi limekwisha.

Halijaisha. Filamu haimwonyeshi mtoto wa vijana wale wawili. Mwanza mtoto wa namna hiyo yupo tangu enzi za wanunuzi wa pamba: mama Msukuma, baba Mhindi au Mwarabu. Akisimama mbele ya karani au mwalimu, huulizwa: "Wewe hasa ni mtu wa wapi?"

Swali hilo ni kasumba ya ukoloni. Mkoloni ndiye aliyewagawa watu wa Tanganyika kwa rangi, hata katika kura. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959, mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Chotara hakutengewa kiti. Oktoba 1961, baadhi ya wabunge walipotaka uraia ufuate rangi, Mwalimu Nyerere aliwapinga vikali, akawa tayari serikali yake ijiuzulu. Sheria ikapita: kwa aliyezaliwa nchini, mzazi mmoja mzaliwa wa humo alitosha. Mama Msukuma alitosha.

Watatokea wa kusema kwamba baba wengine wenye maduka waliwakana watoto hao. Ni kweli, na ni aibu yao. Lakini tangu lini mtoto akahukumiwa kwa kosa la baba? Wakulima wa pamba walioungana katika ushirika pamoja na Paul Bomani walipambana na mizani ya dhuluma. Adui yao alikuwa unyonyaji.

Basi mtumishi wa umma anayemsumbua chotara kwa sababu ya nywele zake anarudisha mlango wa nyuma hoja iliyoshindwa Bungeni mwaka 1961. Mwalimu anayenyamaza darasani wenzake wanapomzomea mtoto huyo anamsaidia. Wote wawili hula mshahara wa wananchi, na chotara ni mmoja wao.