Mzigo Gani Huo Unaogombewa?

Jumapili iliyopita mhubiri alitutaka tumwonee huruma mheshimiwa aliyekuja kuongoza harambee ya paa la kanisa. Cheo ni mzigo, alisema, Mungu humtwisha amtakaye, na kazi yetu ni kumwombea. Waumini wakaitikia amina. Mimi ilinikwama kooni.

Mzigo gani huo unaogombewa? Mwaka 2015 makada 42 walichukua fomu za CCM kuwania urais, kila mmoja akalipia shilingi milioni moja, kisha wakaingia mikoani kusaka wadhamini. Nani alitwishwa hapo? Aliyetwishwa asichokitaka hukitua akipata upenyo. Hawa wetu wakiangushwa kwenye kura za maoni huhama chama kabla jua halijachwa.

Ukiomba kazi, umeomba na lawama zake. Zahanati ikikosa dawa, mheshimiwa asiniambie hakuwa na taarifa. Kuwa na taarifa ndiyo kazi aliyotupigia magoti tumpe.

Eti viongozi nao ni binadamu. Kwani tulidhani ni mbuni? Dereva wa basi naye ni binadamu, lakini akiua abiria kwa mwendo kasi hatuitishi mfungo wa kumwombea. Anawekwa ndani.

Mzee Ali Hassan Mwinyi hata hakuomba uwaziri wa Mambo ya Ndani. Aliteuliwa na Mwalimu Nyerere. Miaka ya 1970 watuhumiwa waliteswa na wengine kufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga na Mwanza. Mzee hakushika rungu wala hakuwepo. Alijiuzulu. Na wanaodhani kujiuzulu ni kuzikwa wakumbuke kwamba mwaka 1984 alikuwa Rais wa Zanzibar, na 1985 Rais wa Muungano. Wa leo, aliyekesha akiomba kura, yakiharibika anaunda kamati, kamati inaandika ripoti, ripoti inafungiwa kabatini.

Na sijagusa ving'ora. Tunasimamishwa juani, mgonjwa ndani ya bajaji akitweta, ili huyo mbeba mzigo apite na kiyoyozi chake!

Ndugu msomaji, akirudi kuomba kura usimuulize atafanya nini. Muulize ni lipi kati ya yaliyoharibika analolikubali kuwa lake. Akianza kutaja watendaji wa chini, mnyime.