Tuyatunze Mawe Yanayotuchujia Maji

Ndugu zangu wa Mombasa, zamu ya mtaa wako ikifika na mfereji ukaanza kutoa, kumbuka kwamba sehemu ya maji yanayojaa mtungini ni mvua iliyonyesha miaka mingi iliyopita juu ya milima ya Chyulu. Milima ile haina mto. Mvua inyeshe, ukungu utone majanini, ardhi huyanywa maji yote. Chini yake kuna majivu ya volkano na lava yenye vitundu kama mkate wa kumimina. Humo maji hupenya polepole, yakiacha uchafu njiani, mpaka yaibuke kwenye chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi. Pale ni maangavu hata unamwona kiboko akitembea chini kabisa na samaki wakimfuata. Tangu miaka ya 1950 bomba linatuletea maji hayo, safari ya zaidi ya kilomita 200.

Lakini mawe hayo ya Chyulu yanautegemea msitu ulio juu yake. Miti na nyasi ndizo zinazoituliza mvua ipate kuzama. Mlima ukichomwa moto na miti yake ikikatwa kwa mkaa, maji hukimbia na udongo wake, na chujio hukosa cha kuchuja. Basi unaponunua gunia la mkaa, muulize muuzaji limetoka wapi. Likiwa la Chyulu, liache.

Na mawe ya hapa kwetu je? Matumbawe yana nyufa na mapango. Maji ya choo hupita humo mbio, yakafika kisimani kabla hayajachujika. Ndiyo maana maji ya kisima yanaweza kuwa baridi, meupe, matamu, na bado yakabeba kipindupindu. Jamani, tusiyanywe kwa kuyaamini macho. Chemsheni au tieni dawa. Anayechimba choo akiweke mbali na kisima, mita 30 au zaidi. Na kwa viwanja vyetu vya kubanana, najua, hilo mara nyingi haliwezekani, basi kisima hicho kibaki cha kufulia na kuoshea.

Nanyi walimu, mkipanga safari ya Tsavo, msiishie kwa simba na ndovu. Wafikisheni watoto Mzima, wayaone maji ya nyumbani kwao yakitoka mwambani.