Majina yetu si bei ya msaada

Ndugu vijana wa Kasomeno, wa Lubumbashi na wa Haut-Katanga yote, mama na baba zetu,

Miezi ya nyuma kulipita habari mu simu zetu zote: shirika moja la misaada linaandikisha vijana kwa mafunzo ya ufundi, pamoja na pesa kidogo ya kuanzia kazi. Jina la shirika hatutalitaja hapa. Kujiandikisha kulikuwa kwenye tovuti yake. Sisi wenye diploma tunaokaa bule, na ndugu zetu wanaouza makala kandokando ya barabara ya Kasenga, wote tulitafuta mega, tukasimama pale rezo inapatikana, tukajaza fishi.

Fishi iliomba mambo mingi. Jina na postnom. Jina la baba na la mama. Tarehe ya kuzaliwa. Nimero ya simu. Kijiji cha asili. Dini. Magonjwa uliyo nayo. Mwisho, picha ya karte ya uchaguzi, mbele na nyuma. Chini kabisa kulikuwa kasanduku kadogo ka kuweka alama: «Ninakubali». Maneno tuliyokuwa tunakubali yalikuwa kwenye ukurasa mwingine, kwa Kiingereza, na marefu sana. Hakuna kati yetu aliyeyasoma. Mmoja aliuliza kama ni vizuri kutoa vyote ivi. Mkubwa wake akamujibu: «Jaza tu, leki. Kazi ikikupita, utalilia nani?»

Mafunzo hayakuja. Kilichokuja ni simu. Mtu tusiyemjua alimpigia mama mmoja wa hapa kwetu, akamuita kwa majina yake yote, akamutajia mtoto wake na kijiji cha asili, kisha akasema: «Mama, dosye ya mutoto yako imepita. Tuma tu pesa kidogo ya kuifungua.» Mama akatuma. Mtu anayejua jina la baba yako na kijiji chako, utamuwazia mwizi namna gani?

Tuseme wazi: hatusemi kwamba shirika liliuza majina yetu. Ushahidi hatuna, na harakati yetu haimshitaki mtu kwa mawazo tu. Majina yale yanaweza kuwa yametoka pa fotokopi, ao ku simu iliyoibiwa, ao ku liste ingine. Lakini tulipoandikia shirika barua kuuliza nani anashika habari zetu, wapi, na mpaka lini, jibu lilikuwa mstari moja: data zenu ziko salama. Salama wapi? Ku mikono ya nani? Njo hapo tuliamua kuandika.

Tovuti inachukua nini

Wengi wetu tunafikiri kwamba tusipojaza kitu, tovuti haijui kitu. Si vile. Ukifungua tu ukurasa, mashine inayoubeba inaandika saa uliyoingia, aina ya simu yako, na anwani ya intaneti inayoonyesha inchi uliko, mara ingine hata mji. Inaweza pia kuacha ndani ya simu yako kafaili kadogo kanaitwa kuki, kusudi ukirudi kesho ikutambue. Hiyo peke yake si dhambi. Bila kuki zingine, fishi ya kurasa tatu ingepoteza ulichoandika pa ukurasa wa kwanza.

Shida ni kuki na kodi za watu wengine. Mashirika mengi yanaweka ndani ya tovuti zao vyombo vya Google ao vya Facebook, juu ya kuhesabu wageni ao kutafuta wafadhili. Vyombo hivyo ni vya bule, lakini vinapeleka habari za mgeni kwa kampuni ile. Mwaka wa 2021 gazeti la Marekani The Markup lilipima tovuti zaidi ya 23,000 za mashirika yasiyo ya faida, likakuta kwamba asilimia 86 zilikuwa na kuki ao vifuatiliaji vya watu wa nje. Sasa waza: dada anafungua ukurasa wa shirika linalosaidia waliobakwa, ao kijana anasoma mambo ya dawa za SIDA. Hajaandika hata herufi moja. Lakini ukurasa aliousoma unasema jambo juu yake, na jambo lile linaweza kufika ku kampuni ya matangazo bila yeye kujua.

Hata wakubwa wanaibiwa

Watu watasema: shirika la misaada ni watu wa huruma, watufanyie ubaya kwa nini? Tunajibu: huruma haifungi mlango.

Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ile tunaita CICR, ilitangaza kwamba wezi wa intaneti waliingia ndani ya mashine zilizobeba habari za watu zaidi ya 515,000. Habari zile zilitoka ku vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu visivyopungua 60 duniani. Walikuwa watu gani? Familia zilizotengana juu ya vita, misiba na safari za uhamiaji, watu waliopotea, na wafungwa. Wezi waliingia tangu Novemba 2021, kupitia tundu moja la programu ambalo halikuwa limezibwa. Mu inchi yetu, ambapo watu hawajamaliza kukimbia, tunajua maana ya kumpa mtu wa Msalaba Mwekundu jina la mtoto uliyemupoteza njiani.

Lakini tuseme pia jambo jema. CICR haikuficha. Ilitoka mbele ya watu, ikasema nini kilitokea na namna gani, ikatafuta njia ya kuwaambia wenye majina. Ikiwa shirika lenye wataalamu na mali vile linaweza kuibiwa, shirika dogo lenye kompyuta moja na neno la siri lililobandikwa ukutani litasema nini?

Wafadhili wa Ulaya na Marekani nao wameguswa. Mwaka wa 2020, Blackbaud, kampuni ya Marekani inayotunza orodha za wafadhili wa mashirika mengi ya misaada, iliibiwa data na ikalipa wezi pesa. Mwaka wa 2023 ilikubali kulipa majimbo ya Marekani dola milioni 49.5. Na Uingereza, Desemba 2016, mamlaka ya kulinda data ililipisha faini mashirika mawili makubwa ya huruma, RSPCA na British Heart Foundation, juu yalichunguza utajiri wa wafadhili wao bila kuwaambia. Ona basi: mzee wa Uingereza aliyetoa pauni kumi ana mahali pa kulalamika. Na sisi tunaopokea?

Kwa nini Katanga inatuuma zaidi

Karte ya uchaguzi si karatasi ya kupigia kura tu. Kwa wengi wetu ni kitambulisho tulicho nacho. Inabeba majina yako, ya wazazi, mahali ulizaliwa na asili yako. Mwenye picha yake anakujua wewe na ukoo.

Na hapa kwetu swali la «uko mutu wa wapi?» halijawahi kuwa swali dogo. Wazee wanakumbuka mwaka wa 1992 na 1993, wakati ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, Kolwezi na kwingine, hata wale waliozaliwa hapa hapa. Haikuomba kompyuta. Ilitosha jirani kujua asili ya jirani. Rwanda mwaka wa 1994, neno moja lililoandikwa ku kitambulisho lilitosha kukuua barabarani. Njo maana tukiona fishi ya mafunzo ya kushona inaomba kijiji cha asili na dini, tunauliza: ya nini? Cherehani haiulizi kabila. Orodha ikishaandikwa, hakuna anayejua nani ataifungua miaka kumi ijayo.

Tena kuna jambo la kukubali. Mtu mwenye njaa akiweka alama pa «Ninakubali», amekubali kweli? Mwaka wa 2023 Nairobi ilijaa mistari ya watu wakitoa picha ya mboni za macho kwa Worldcoin, juu ya kupewa pesa ya dijitali. Ile si shirika la huruma, ni mradi wa biashara, lakini somo ni moja. Agosti mwaka ule serikali ya Kenya ikausimamisha, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data zile zifutwe. Ruhusa iliyonunuliwa kwa shida ya mtu ina kasoro tangu mwanzo.

Sheria iko

Wengine wanafikiri Kongo haina sheria ya mambo hii. Iko. Katiba, kifungu cha 31, inalinda maisha ya siri ya kila mtu na siri ya mawasiliano yake. Na tangu tarehe 13 Machi 2023 tuna Code du numérique, Sheria-amri nimero 23/010. Inadai ruhusa ya mwenye data. Inakupa haki ya kuona kilichoandikwa juu yako, kukisahihisha, na kuomba kifutwe. Inasema kuwe na mamlaka ya kulinda data. Lakini mama yetu aliyeibiwa, hapa Kasomeno, agonge mlango gani? Haki ambayo mlango wake haujulikani kijijini inabaki haki ya karatasi.

Kuna wanaosema: muache, hakuna kitakachobadilika. Sisi tunakumbuka RAM. Mwaka wa 2020 walianza kukata pesa ku simu zetu, eti ni kuandikisha simu. Watu walipiga kelele, vijana wakaingia barabarani, na mwaka wa 2022 ikaondolewa.

Tuanze na nyumba yetu

Hatuwezi kunyooshea mtu kidole na mikono yetu ni michafu. Kisha mambo ya tovuti, tulijiuliza: na sisi, orodha zetu ziko wapi? Jibu lilitupatisha haya. Karatasi moja ya mkutano wetu, yenye majina, nimero na sahihi, mwenzetu aliikuta sokoni imefungia mandazi. Mu inchi ambapo kijana anaweza kukamatwa juu ya mkutano, karatasi ile ingeweza kufikisha mtu gerezani. Haikuwa mwizi wa intaneti. Ilikuwa uzembe wetu. Tunaomba msamaha kwa wote waliotia sahihi.

Sasa ku mikutano tunahesabu watu, hatuandiki majina isipokuwa kuna sababu. Nimero zinashikwa na watu wawili waliochaguliwa. Orodha za zamani tumezichoma mbele ya wanachama. Haikutuomba dola hata moja. Kwa hiyo shirika lenye magari na biro haliwezi kutuambia kwamba haiwezekani.

Tunaomba nini

Kwa mashirika yote ya misaada yanayofanya kazi Haut-Katanga:

1. Ombeni paka kile kinachohitajika. Kujiandikisha tu kusiombe picha ya karte, dini wala asili. Atakayechaguliwa, karte yake mtaiona kwa macho.
2. Andikeni pa fishi yenyewe, kwa Kiswahili na kwa maneno mafupi: nani anachukua data, ya kazi gani, atampa nani, atazifuta lini.
3. Ondoeni kodi za matangazo ku kurasa za afya, za ubakaji na za maombi ya msaada.
4. Ambaye hakuchaguliwa, futeni habari zake na mumuambie. Msiyempa msaada, msibaki na jina lake.
5. Mkiibiwa, semeni haraka, ku redio pia, juu si wote wana mega.
6. Wekeni mtu moja wa kujibu, na njia ya kuandikishwa kwa mkono kwa yule ambaye hataki kupita ku tovuti. Kukataa intaneti kusimunyime mtu msaada.

Kwa serkali na wabunge wetu: mamlaka ya kulinda data iwe na mlango Lubumbashi, na njia ya kupokea malalamiko ya vijiji. Na biro za serkali zifuate sheria ile ile, kwa maana nazo zinatuandikisha kila siku.

Kwenu ndugu, mama na baba: shirika la kweli halikuombi utume pesa kusudi upate msaada. Kabla ya kutuma picha ya karte, uliza swali moja: «Mutaifuta lini?» Umesahau, umeshajaza? Andika barua, omba waonyeshe walichonacho, omba wafute. Asiyejua kuandika aje kwetu, tutaandika pamoja, na nakala itabaki kwake.

Mashirika hatuyafukuzi. Shule na dawa zimepita ku mikono yao, na asante tunatoa. Tunakataa tu kwamba maskini alipe kwa jina lake, la mama yake na la kijiji chake, kwa mafunzo ambayo hata hayakuja. Barua yetu ya pili kwa lile shirika imeshatumwa. Jibu likija, zuri ao baya, mutalisoma hapa.

Sisi vijana wa Kasomeno