Marais Watano, Mpwani Hakuna

Mimi ni Mpwani niishiye Majengo, Pumwani, huku Eastlands, Nairobi. Tangu uhuru wa 1963 Kenya imepata marais watano: Jomo Kenyatta, Daniel arap Moi (1978), Mwai Kibaki (2002), Uhuru Kenyatta (2013) na William Ruto (2022). Watatu Wakikuyu, wawili Wakalenjin. Mpwani hakuna.

Mtaa jirani wa Bahati ndiko Kibaki alikogombea ubunge 1969, na Jael Mbogo akamtoa jasho. Kufika 1974 alihamia Othaya, kwao. Funzo ni hili: mwanasiasa hujenga kwao, kwetu hupiga kambi.

Ndugu zangu, tusililie kiti pekee. Katiba ya 2010 yamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, na asilimia 25 katika kaunti zisizopungua 24. Pwani tuna sita. Uchaguzi wa 2027 tuuendee tukiwa kitu kimoja, na hati za ardhi za maskwota ziwe sharti letu, si ahadi ya jukwaani. Tukigawanyika, yeyote atakayeapishwa atatupita vilevile.