Mawingu Yasiyoonekana Korongoni

Kusini mwa Ziwa Naivasha, nchini Kenya, mwendo wa kilomita 90 hivi kutoka Nairobi, imo Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, iliyoanzishwa mwaka 1984. Humo mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli karibu na pundamilia, twiga na swala, jambo ambalo ni nadra katika hifadhi za wanyama. Magenge mekundu yamesimama wima, pimbi wakiota jua miambani na tai wakizunguka juu yao. Kwa mzazi atakaye kuwafundisha wanawe kuyapenda maumbile, hakuna darasa bora kuliko hilo.

Ndani ya hifadhi hiyo limo Korongo la Njorowa. Maji ndiyo yaliyolichonga katika mawe ya volkano. Kuta zake ni ndefu, njia yake imepindapinda, na mahali pengine watu hupita mmoja mmoja. Chemchemi za moto huchuruzika mwambani, ishara ya joto lile lile la ardhini ambalo tangu mwaka 1981 huzalisha umeme jirani, huko Olkaria.

Lakini, ndugu msomaji, uzuri huo usitusahaulishe aliyeuchonga. Mwezi wa Aprili mwaka 2012 watu saba walikufa humo kwa mafuriko ya ghafla. Mwezi wa Septemba mwaka 2019 wakafa wengine saba kwa namna hiyo hiyo.

Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Aliye chini korongoni huona kipande chembamba tu cha mbingu. Mvua yaweza kunyesha mbali vilimani, yeye akiwa juani. Maji yakakusanyika katika mkondo mmoja na kumfikia kwa dakika chache, mahali pasipo pa kupandia.

Kwa hiyo, kabla ya kushuka, haitoshi kutazama juu. Hatuna budi kuwauliza askari wa wanyamapori iwapo njia imefunguliwa, na iwapo mvua imenyesha upande wa juu. Tusishuke bila kiongozi anayezijua njia za kutokea. Ukisikia ngurumo, au ukiona maji yameanza kuwa na tope, panda mara moja, mizigo iache.

Na wakisema leo hakushukwi, watoto wasinung'unike. Magenge yatakuwapo Jumapili ijayo; la muhimu ni sisi nasi tuwepo.