Kimeng'enya Hakiishii Tumboni: Istilahi Pekee Haitoshi

Wapo wasomi wanaoshikilia kwamba Kiswahili kitaimudu sayansi pindi orodha za istilahi zitakapokamilika. Tangu TUKI ichapishe Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka wa 1990, kazi ya kuorodhesha imesifiwa, na inastahili sifa. Hata hivyo, istilahi bila maelezo ni jembe lisilo na mpini. Neno kimeng'enya linatosha kulithibitisha hilo.

Neno hili limenyambuliwa kutokana na kitenzi meng'enya, nalo humwelekeza msomaji tumboni. Lakini fenilalanini haidroksilesi, kimeng'enya kinachofanya kazi hasa katika ini, hakisagi chakula. Kazi yake ni kuipachika oksijeni fenilalanini, asidi amino ambayo mwili hauwezi kujiundia, ikageuka kuwa tairosini. Kutokana na tairosini mwili huunda adrenalini, na pia melanini, rangi ya ngozi na nywele.

La kustaajabisha zaidi ni udhibiti wake. Fenilalanini inapopungua, kisaidizi cha kimeng'enya, tetrahaidrobiopterini, hukizuia kisichangamke, ili asidi hiyo isiteketezwe ilhali mwili unaihitaji kuundia protini. Inapozidi baada ya mlo, fenilalanini yenyewe hujishikiza kwenye sehemu iliyo mbali na pale kazi inapofanyikia. Umbo la kimeng'enya hubadilika na kazi ikashika kasi. Aidha, homoni ya glukagoni huchochea kimeng'enya kupachikwa fosfeti, na kikishaipata, huamshwa na kiasi kidogo zaidi cha fenilalanini. Mali yenyewe ndiyo imwamshayo bawabu. Neno udhibiti, likiwa peke yake katika orodha, halisemi lolote kati ya haya.

Suala hili si la darasani tu. Mtoto akirithi hitilafu katika jeni za kimeng'enya hiki, fenilalanini hurundikana katika damu na kuudhuru ubongo. Asbjørn Følling aliueleza ugonjwa huo nchini Norwe mwaka wa 1934. Mwaka wa 1953 Horst Bickel na wenzake, mjini Birmingham, walichapisha habari za lishe yenye fenilalanini kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Robert Guthrie wa Marekani akabuni kipimo cha matone ya damu ya mtoto mchanga. Lishe ikianza mapema, ubongo hunusurika. Lakini mzazi anayeambiwa amnyime mwanawe nyama na mayai, na hata maziwa ampimie, atatii vipi asipoelewa sababu? Orodha ya istilahi haitamjibu. Atajibiwa na aya iliyoandikwa vyema katika lugha aijuayo.

Watakuwepo wanaotaka neno kimeng'enya litupwe kwa kuwa linapotosha. Dai hilo halina mashiko. Istilahi ya Kiingereza yenyewe ina asili ya Kiyunani, kwa maana ya kilichomo ndani ya chachu, na hakuna aikataaye kwa kuwa ini halina chachu. Maana hupanuliwa na matumizi. Kwa hivyo, mwanafunzi wa Kiswahili na aketi na mwenzake wa baiolojia, waandike pamoja maelezo kamili, kisha wayasome mbele ya asiyejua sayansi. Akielewa, hapo ndipo istilahi itakuwa imepata mpini.