Tangi la Samaki Sebuleni: Hesabu Hita Kabla ya Samaki

Kuna swali linalotufikia kila baridi ya Juni ikianza: "Mbona tokeni ya elfu moja ilikuwa inanifikisha mwisho wa mwezi na sasa inaisha kwa wiki mbili? Nyinyi ndio mnakata?" Hapana, hatukati. Pesa unayotuma inafika Kenya Power jinsi ulivyoituma, na tokeni inarudi kwako na idadi ya yuniti. Mara nyingi tukiuliza ni kitu gani kipya kimeingia nyumbani, jibu huwa friji, heater ya kuoga, au, siku hizi, tangi la samaki.

Tunaelewa. Sebule za Machakos zimepanda hadhi. Mtu amemaliza dari ya jipsamu, ameweka ukuta wa mbao nyuma ya TV, na fundi anamwambia pale pembeni panakosa kitu, tia samaki. Na kweli inapendeza. Watoto wanaacha simu wanakuja kutazama. Hatuna shida na samaki. Shida yetu ni kwamba bei anayotajiwa mteja ni ya kioo, changarawe na samaki wenyewe, na hakuna anayemtajia ya stima.

Basi tuhesabu. Yuniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Filta ya wati 8 haizimwi usiku wala mchana, kwa hivyo kwa siku 30 inakula karibu yuniti 6. Pampu ya hewa ya wati 4, karibu 3. Taa ya LED ya wati 15 ikiwaka saa nane kila siku, 3.6. Mpaka hapo ni kama yuniti 12, si mbaya. Halafu inakuja hita ya kupasha maji. Hita ya wati 100 inajiwasha na kujizima yenyewe, lakini ikiwaka jumla ya saa kumi kwa siku, mwezi unaisha ikiwa imekula yuniti 30. Peke yake.

Na Machakos itawaka saa hizo. Mji huu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Julai ukungu ukishuka kutoka Iveti, maji ya tangi yanapoa kama maji ya dramu nje. Samaki wengi wa kitropiki wanataka nyuzi 24 hadi 27. Mtu wa Mombasa anayekuambia tangi lake halili stima hadanganyi, kwake joto la bahari linafanya kazi ya hita bure karibu mwaka mzima. Ushauri wake ni mzuri, lakini ni wa Mombasa.

Sasa, sehemu inayouma ni hii. Tangu Aprili 2023, bei nafuu kabisa ya stima ya nyumbani ni ya wanaotumia yuniti zisizozidi 30 kwa mwezi. Kabla ya hapo kikomo kilikuwa 100. Ukivuka 30 unaingia daraja la pili, ukivuka 100 unaingia la tatu, na wanaangalia wastani wako wa miezi mitatu. Ukishapandishwa, si zile yuniti za samaki tu zinazopanda bei. Hata ile ya balbu ya jikoni na ya kuchaji simu inapanda.

Chukua nyumba ya vyumba viwili, tuseme Katoloni, yenye balbu, TV, redio na simu tatu, inayotumia yuniti 22. Ongeza tangi lenye hita, zinakuwa 64. Mwenye nyumba hiyo analipia samaki, na juu yake analipa bei mpya kwa zile 22 za zamani. Ukitaka kujua yuniti inakugharimu ngapi, fungua meseji ya tokeni ya mwisho, gawa pesa uliyolipa kwa idadi ya yuniti. Fanya hivyo kabla ya kununua tangi, kisha miezi minne baadaye.

Msimamo wetu: kama bado uko chini ya 30, usinunue hita. Fuga samaki wa dhahabu, wawili tu kwenye tangi la kutosha. Hao wanapenda maji ya baridi. Filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya wati 4, na taa ya wati 10 kwa saa tano jioni, ni kama yuniti nne na nusu kwa mwezi. Nyumba ya Katoloni inabaki chini ya 27. Wanachafua maji haraka, hilo tukubali, kwa hivyo kila wiki utatoa jerikeni moja na kuweka nyingine iliyolala usiku mzima ili klorini itoke. Maji yaliyotoka mwagia sukuma wiki. Wenye hita tayari, funikeni tangi juu, wekeni boksi la povu nyuma yake, na msiliweke karibu na dirisha.

Kuna mambo mawili hatuwezi kuyanyamazia. La kwanza ni mkopo wa simu wa kununua tokeni, ukiwemo wa kwetu. Kukopa stima ya kupasha samaki maji ni kulipa ada juu ya bei iliyokwisha panda. Ndiyo, tunapata kitu kila unapolipia stima, na bado tunakuambia ununue kidogo.

La pili ni mita ya pamoja. Kwenye ploti nyingi hapa mjini wapangaji wanne au watano wanachanga tokeni sawasawa. Ukiweka hita, mama wa chumba cha mwisho mwenye balbu mbili anachangia samaki ambao hajawahi kuwaona. Mwambie mapema, au ongeza mchango wako. Ugomvi wa aina hii tumeusikia ukifika kwa chifu.

Na stima ikipotea, kama usiku ule wa 25 Agosti 2023 nchi karibu yote ilipokaa gizani, usikimbilie jenereta ya jirani. Samaki hukosa hewa kabla hawajaumizwa na baridi. Usiwalishe. Funika tangi kwa blanketi pembeni, acha juu wazi kidogo, chota maji kwa kikombe uyamwage tena humo kutoka juu, dakika chache kila baada ya muda. Watoto wataipenda hiyo kazi mpaka wachoke, halafu itakuwa yako.